Sinia Lenye Miguu

Mama yangu aliamini kwa muda mrefu kwamba mpangaji wetu ni maskini. Alimwonea huruma tangu wiki aliyohamia, na huruma ya mama si ya kukaa moyoni ikatulia. Lazima itoke, ipande ngazi, ikabishe hodi kwa mtu.

Nyumba yetu iko Kikwajuni, nyuma kidogo ya majumba ya Michenzani. Chini tunakaa mama, mimi na wanangu wawili, wa kiume na wa kike, tangu ndoa yangu ilipokwisha nikarudi nyumbani. Juu alijenga kaka yangu anayefanya kazi Maskati, akiiwekea siku atakayorudi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa haijafika, alitwambia tupangishe. Akaja mkunga mmoja kutoka Denmaki, aliyeletwa kufundisha wakunga wenziwe hospitalini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, nywele zimeanza kuingia mvi, mwenye miguu mikubwa na sauti ndogo. Kiswahili alikisoma darasani kabla ya kuja, naye alikisema kizima, haachi hata silabi. Sisi tukisema nnakwenda, yeye anasema ninakwenda. Mama alimwambia anazungumza kama mtangazaji wa redio, na yeye akashukuru, akidhani ni sifa tu.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashonea nyumbani, kwenye cherehani iliyo karibu na dirisha la ukumbini. Nashona ya Idi, ya harusi, ya vyumba vya wanaooa: mapazia ya tabaka mbili, yenye marinda juu na vishada chini, na kamba za rangi ya dhahabu za kuyafungia ubavuni. Sebule ya mama niliipamba mwenyewe. Kuna makochi yenye mikono ya kung'ara, kabati la vioo limejaa vikombe vya maua ambavyo havijawahi kutiwa chai, waridi za plastiki juu ya televisheni, na kitambaa cha kufuma kwenye mgongo wa kila kiti. Sikuona kasoro ndani yake, na mpaka leo sioni. Kwetu nyumba hupambwa kama bibi harusi. Ukiiacha tupu, watu huuliza ina wenyewe au haina.

Mara ya kwanza tulipopanda juu kumtazama mgeni, mama alichukua sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa kawa la ukindu. Magoti yake yalikwisha kuanza kumsumbua, kwa hiyo alipanda ngazi mojamoja, ameniegemea. Mkunga alitufungulia, akasema shikamoo, mama akaitika marahaba mwanangu, tukaingia.

Mama alisimama katikati ya chumba akatafuta pa kuweka macho. Kuta zilikuwa nyeupe, hazina kitu. Palikuwa na meza, viti viwili vya mti usiopakwa rangi, na kigoda cha miguu mitatu cha mti mweupe laini. Juu ya meza ilining'inia taa iliyoundwa kwa mabakuli matatu meupe yaliyopishana, moja kubwa, moja dogo, moja dogo zaidi. Kwenye rafu zilikaa sahani chache za rangi moja na bilauri zilizopandana moja ndani ya mwenziwe. Dirishani hapakuwa na pazia. Pembeni kulikuwa na kimeza cha duara, cheusi, kama sinia lililokaa juu ya miguu ya kukunja, na juu yake kitabu kimoja. Basi, ndio yote. Mtu mwingine angedhani mizigo bado iko bandarini.

Alitukaribisha chai. Chupa yake ya chai ilikuwa nyeupe, nyembamba, haina ua wala mstari. Alipoiinamisha, kifuniko kilijifungua chenyewe, na alipoiinua kikajifunga, wala halikudondoka tone. Mimi nilimwomba nijaribu. Nikainamisha, nikainua, nikainamisha tena, kama mtoto na kidude cha kuchezea. Chupa yetu ya chini ina maua mekundu ubavuni na hudondosha chai kwenye kila kitambaa ninachokiosha.

Tuliposhuka, mama alisimama kwenye kituo cha ngazi, akapumzika ameshika ukuta.

"Masikini ya Mungu," alisema. "Mtu mzima vile, na hana kitu."

Nilimwambia labda anapenda iwe hivyo.

"Nani apende utupu?"

Siku zilizofuata vitu vilianza kupanda juu. Kwanza alipelekewa kikombe na kisahani chake, kutoka ndani ya kabati la vioo, kabati ambalo mimi nilipokuwa mdogo nilikatazwa hata kulipumulia. Kisha waridi za plastiki. Kisha saa ya ukutani yenye miale ya dhahabu, na kitambaa cha kufuma, na mto wenye nyuzi za kumetameta. Jirani wa mbele alisikia habari, akaleta picha ya maporomoko ya maji. Mkunga alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akiinama kidogo. Naye hakuwa mtu wa kupokea tu. Alioka mkate wa kwao akatuletea. Mkate ulikuwa mweusi, mzito kama tofali, umejaa mbegu. Mama aliukata kipande, akakitafuna taratibu, akaniangalia kwa masikitiko.

"Unaona? Hata unga mweupe hapati."

Jioni moja mkunga aliniita juu akanifungia mlango. Vitu vyote vya mama alikuwa amevipanga kwenye rafu moja, vizuri, kama duka dogo. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kizima kama ni desturi ya Zanzibar mwenye nyumba kumtunza mpangaji kila wiki, na kama yeye naye anatakiwa kutunza, atunze nini, maana hataki kukosa adabu. Nilijaribu kuzunguka, sikuweza. Nikamwambia kweli: mama anaona huna kitu, anakuhurumia.

Alicheka mpaka akaketi kwenye kigoda na kujifuta macho. Kisha akanieleza. Kwao, alisema, miezi ya baridi jua huchomoza kidogo na kurudi, watu hukaa ndani sana, na kitu unachokitazama kila siku lazima kiwe hakikuchoshi. Kile kimeza cheusi kilikuwa cha bibi yake na babu yake, walipewa walipooana. Taa aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa ukunga. Kila kimoja alikijua kilikotoka. Mimi nilikuwa namsikiliza huku nimekaa chini ya ile taa, na ndipo nilipogundua kwamba pale nilipokaa siioni balbu. Nikasogea kushoto, nikainama, siioni. Mtu aliyeiunda aliyafikiria macho ya watu wote watakaokaa kila upande. Niliguswa na jambo hilo. Nashona usiku na mchana chini ya balbu tupu iliyoning'inia kwa waya, na hakuna aliyewahi kuyafikiria macho yangu, hata mimi mwenyewe.

Nilimuuliza nimweleze mama kwamba yeye si maskini?

"Tafadhali usimwambie," alisema. "Ataacha kuja."

Basi sikumwambia.

Kuanzia hapo nikawa na kisingizio cha kupanda juu. Nilimshonea pazia. Aliomba jeupe, la pamba, tabaka moja, bila marinda. Nilidhani ni kazi ya dakika, lakini ilinitoa jasho. Mkono wangu ulitaka kuongeza kitu. Nilipofika kwenye pindo nilishika utepe wa lesi, nikauweka, nikaushika tena. Pazia lisilo na pambo halina pa kuficha mshono uliopinda, na mara mbili nilifumua nikaanza upya. Nilipolitundika na upepo wa jioni ukalijaza, nilisimama nikalitazama muda mrefu. Nilijisikia kama mtu aliyesema neno moja na likatosha.

Yeye naye alikuwa akishuka kwetu. Alipenda kumtazama mama akikuna nazi. Alilishika kawa akaligeuza juu chini, akafuatisha ukili, ile mistari ya msuko, kwa kidole kutoka ukingoni mpaka kileleni, akauliza nani amelisuka. Mama alimwambia ni mdogo wake, aliyeko Tumbatu, na kwamba hicho ni kitu cha kufunikia chakula tu, hana haja ya kukistaajabia. Kesho yake mama akampelekea kawa. Mkunga alilitundika ukutani, peke yake, kwenye ule ukuta mweupe. Mimi nimekula chakula kilichofunikwa kwa makawa tangu nilipoota meno. Siku hiyo nililiona.

Kisha magoti ya mama yakaharibika.

Ilianza jioni moja tulipokuwa na wageni. Tumekula wote kwenye mkeka, tumelizunguka sinia kama tulivyozoea, na tulipokwisha kunawa mama akataka kunyanyuka, magoti yakakataa. Alijaribu tena. Ikabidi mimi na mwanangu tumshike makwapani, na mgeni mmoja, mwanamme, akaja kumwinua kwa nyuma. Mama alicheka, akasema uzee mwizi. Lakini niliuona uso wake alipofika chumbani.

Daktari alituambia magoti yamelika, asikae tena chini, asiyakunje. Kusali kwenye kiti alikubali bila neno, kwa sababu Mungu mwenyewe karuhusu. Kula ndiko kulikomshinda. Tulimwekea kiti pembeni mwa mkeka na sahani mapajani. Alikula siku moja. "Nnakaa juu yenu kama kadhi," alisema, na kesho yake hakuja. Tukajaribu meza ya kulia chakula. Sinia lilikuwa kubwa na meza iko juu, mikono ya watoto haifiki, kwa hiyo tukagawa kila mtu sahani yake. Mama alitazama wali wake peke yake kwenye sahani, akasema huku ni hotelini, naye hakumwambia mtu kwamba anataka kwenda hotelini.

Akawa anakula chumbani, ukingoni mwa kitanda. Baadaye akawa hata huko hali sawasawa. Nikimwita, anaitika naam. Nikimwambia chakula tayari, ananambia, "Nyinyi kuleni, mie nshakula." Nikienda kuchukua sahani nakuta ameonja tu. Alikonda. Mtu ambaye maisha yake yote alilisimamia sinia, akijua nani hajapata nyama na nani anaionea haya, sasa anasikiliza vijiko vyetu kupitia ukutani. Kaka yangu alipiga simu kutoka Maskati kila baada ya siku chache, akisema atatuma dawa, atatuma kiti cha magurudumu. Nilishindwa kumweleza kwamba maradhi yenyewe si ya magoti peke yake.

Ramadhani ikaingia. Mkunga tulimkaribisha kufutari, naye alishuka akiwa amejifunga kanga begani, ameshika mkate wake mweusi. Tulikuwa na muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, tambi na uji. Adhana ikalia, tukafungua kwa tende. Mkunga akatazama huku na huku.

"Mama yuko wapi?"

Nikamwambia anafutari chumbani. Akauliza anaumwa? Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, ili asisikie ukutani: kiti, meza, sahani, na jinsi anavyosema amekula na hajala.

Aliiweka tende aliyoishika, akatoka. Tukasikia miguu yake mikubwa ikipanda ngazi, kisha ikishuka taratibu. Alirudi amebana kwapani ile miguu ya kimeza cha bibi yake, imekunjwa, na mkono wa pili ameshika uso wake mweusi, ambao kumbe ni sinia la kuondoka, na kile kigoda binti yangu akampokea ngazini. Alisimamisha miguu katikati ya ukumbi, akaifungua, akaweka sinia juu. Kimo chake kilikuwa cha goti. Kisha hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa mama, akabisha.

"Hodi, mama."

"Naam."

"Ninaomba uje unisaidie. Nimeleta kitu, sijui kama kinafaa."

Mpaka leo namshukuru kwa maneno yale. Angesema nimekuletea kitu, mama asingetoka. Lakini mtu masikini, mgeni, anayeomba msaada, mama angewezaje kumkatalia? Alitoka, na fimbo yake, akasimama akakitazama kimeza. Akainama akaishika miguu, akaikunja kidogo akaifungua.

"Inafunguka kama marfaa," alisema, kwa maana ya kile kibao cha kukunjua tunachowekea msahafu.

"Hili ni sinia," mkunga alisema. "Kwetu lina miguu."

Mama alilipima kwa macho. "Dogo hili. Sinia la mtu na paka wake. Lete langu."

Mwanangu akaleta sinia la mama, lile kubwa la pilau, akaliondoa jeusi akaliweka letu juu ya miguu. Lilizidi kila upande. Mkunga alikunja uso, nikajua anahofia. Mama akaegemeza kiganja ukingoni, akabonyeza pande zote. Halikutikisika. Akavuta kigoda akaketi, magoti yakiwa yamenyooka vizuri mbele yake, na sinia likamfikia pale pale mikono ilipo. Mimi nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, watoto wakapindua ndoo mbili wakazikalia, mkunga akapewa sanduku langu la nyuzi. Tukawa tumemzunguka, sote kimo kimoja.

Alisema bismillahi. Akala donge la muhogo. Kisha mkono wake, bila ya yeye kuufikiria, ukaenda kwenye samaki. Akamchambua mnofu wa mgongoni, akautoa miba mmoja mmoja, akauweka mbele ya mkunga. Akachambua tena, akamwekea binti yangu, kisha kaka yake, kisha mimi. Nilijifanya naangalia chupa ya chai. Nilipotulia, niliona mkunga naye ameinamisha kichwa juu ya ule mnofu wa samaki, na hali.

Mama alikula mpaka akashiba, akanywa uji, akamwambia mkunga mkate wake ule ungependeza ukitiwa sukari.

Miguu ile haikupanda tena juu. Mkunga alisema yeye kitabu chake anaweza kukiweka popote. Ramadhani yote tulifutari tumekaa hivyo, na mama akaanza kurudisha mwili, na kelele zake jikoni zikarudi pia, za nani kaiacha chumvi wazi na nani kakoroga wali.

Ndoo hazikuwafaa watoto milele, kwa hiyo nilikwenda kwa seremala wa mtaani, mzee aliyewahi kuchonga milango, nikampelekea kigoda cha mkunga kama mfano. Nilimwambia anifanyie vinne, hivi hivi, asiongeze kitu. Akavileta baada ya Idi. Vilikuwa vya mfenesi, imara, kimo sawa, miguu imelala kwa pembe ile ile. Na kila kimoja ukingoni kilizungushiwa nakshi ya maua na mnyororo, kama fremu ya mlango wa Mji Mkongwe.

"Nimekuongezea bure," alisema. "Niliona haya kukuletea vitupu."

Niliudhika. Nilikuwa nimelipenda lile jambo la kigoda kuwa kigoda tu, na hapa kimerudi kimevishwa. Lakini nilikumbuka ule utepe wa lesi nilioushika na kuuweka, nikamlipa. Mkunga alirudi kutoka kazini akavikuta ukumbini. Alipitisha kidole juu ya nakshi ya kimoja, taratibu, akazunguka mpaka akarudi alikoanzia. Akakaa juu yake, akanyanyuka, akakaa tena.

"Ni kizuri," alisema. "Sasa ni chenu."

Mama alisema kile cha kwanza kilikuwa uchi, hiki kimevaa.

Seremala aliiga na miguu ya sinia. Ya kwanza ilijikunja yenyewe na sinia likaenda chini kwa kishindo. Alhamdulillahi, lilikuwa tupu. Ya pili akaitia ulimi wa kuizuia, ikasimama. Hiyo hakuichonga chochote. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba miguu itakaa chini ya sinia, nani ataiona.

Mkunga alikaa kwetu karibu miaka miwili. Muda wake ulipokaribia kwisha, alituonesha picha za nyumbani kwake kwenye simu. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, yenye bustani, miti, baiskeli mbili mlangoni, na dirisha kubwa kama ukuta. Ndani kuta nyeupe, meza, viti, taa. Mama aliishika simu, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Nyumba yote hii ni yako?"

Mkunga akasema ndiyo, yeye na mumewe.

"Kubwa yote hii," mama alisema, "na tupu." Tulimngojea. Mkunga alinitazama mimi. Kisha mama akairudisha simu kwa mwenyewe. "Basi ndivyo unavyopenda, mwanangu. Kila mtu na anachokitulizia macho."

Na wiki ile ile akamtolea kikombe kingine kwenye kabati la vioo, ili kile cha kwanza kisiwe peke yake huko kwenye baridi.

Mkunga alitaka kutuachia miguu ya bibi yake. Mama alikataa katakata. Alisema kitu cha wazee hakiachwi ugenini, wazee hawatampa radhi, na sisi tunayo ya kwetu. Basi aliikunja akaifunga ndani ya kanga. Alituachia taa na chupa ya chai. Asubuhi ya kuondoka mama alimsomea dua kichwani, amemwinamisha kama anavyowafanyia wanangu wakienda kwenye mitihani. Gari liliposhika njia ya uwanja wa ndege, mama alibaki barazani, fimbo mkononi, mpaka nikamletea kiti.

Taa niliitundika juu ya cherehani. Nashona chini yake sasa, na kila nikitia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza bila kupepesa, nasema ahsante, sijui kwa nani hasa: kwa mkunga, kwa yule aliyeiunda ambaye jina lake silijui, kwa Mungu aliyewakutanisha wote na macho yangu. Mapazia ya marinda bado nashona, ndiyo yanayonilisha, na naapa nayapenda. Ila wateja wangu wameanza kusema mishono yangu imekuwa safi zaidi.

Seremala anapata kazi. Wenye wazee majumbani walisikia, wakaja kutazama, wakamwagiza. Ipo miguu Kikwajuni, ipo Mwembetanga, iko moja Paje kwa mama wa rafiki yangu aliyeharibu mgongo kwenye mashamba ya mwani. Hakuna anayeiita ya Denmaki. Wanaiita miguu ya sinia, kana kwamba sinia lilizaliwa nayo ikapotea njiani.

Mwezi uliopita nilipeleka moja Tumbatu, kwa mama mdogo, yule msukaji wa makawa, maana sasa na yeye magoti yamemwanza. Nilikaa bandarini Mkokotoni nikisubiri boti ijae, miguu imekunjwa imeegemezwa begani kwangu. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka sokoni walikaa pembeni na vikapu vyao. Bibi mmoja akaniuliza hicho ni nini, mwanangu, ni kiti au ni ngazi?

Nikakifungua, nikakisimamisha juu ya saruji. Mwenziwe alikuwa na ungo wa dagaa wakavu. Tukaweka ungo juu yake ili waone. Nikawaeleza kinavyotumika, na habari ya mama na sahani za chumbani, na mkunga aliyeacha tende yake akapanda ngazi. Bibi alisikiliza yote, mkono shavuni. Aliuliza kama huyo mwanamke bado yupo. Nikamwambia amesharudi kwao.

"Mungu amjaalie huko aliko," alisema, "na wazee wake."

"Amin," wakaitika wanawake wote pale, na mmoja wao akaniuliza seremala yuko mtaa gani.